Kabla hujanunua alternata nyingine, tafuta mita

"Shikamoo kaka. Carina yangu nikiipaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi imekufa kabisa. Nimebadilisha betri, nimebadilisha alternata, sasa fundi anasema ni kontroli boksi. Ninunue?"

Ujumbe huu umetoka Kahama, ulinifikia Jumapili asubuhi, na nimeusoma mara tatu huku uji unapoa. Marahaba, mdogo wangu. Usinunue hiyo kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Nitakueleza kwa nini, ila vumilia kwanza nikusimulie yangu, maana umenigusa kidonda.

Nina Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini ya 5A, gia otomatiki. Kwangu ni Iringa, lakini wakati huo kazi ilikuwa Dar. Gari lilianza kunizingua taratibu. Leo linawaka vizuri, kesho nageuza ufunguo linaita "tka", kimya. Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua, 220,000. Likatulia wiki mbili. Liliporudia akasema stata, mota inayozungusha injini iwake, nikaenda Gerezani nikapata ya mtumba kwa 150,000. Likatulia siku tisa. Fundi wa pili akamcheka wa kwanza, akasema tatizo ni alternata, inayochaji betri injini ikiunguruma. 180,000. Weka na 60,000 za ufundi, ni 610,000, na katika wote hao hakuna aliyetoa mita ya kupimia umeme hata siku moja. Mimi nami sikuuliza. Nilikuwa nasimama pembeni na soda mkononi, natikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Likatulia tena, nikajiamini, nikambeba mama mkwe kumrudisha Iringa.

Ruaha Mbuyuni unaijua. Ukipita pale bila vitunguu, nyumbani watakuuliza umepitia njia gani. Nikasimama, nikazima gari. Saa nane mchana, injini ina moto wa safari yote kutoka Dar. Gunia likapakiwa, mama akakaa vizuri, nikageuza ufunguo: tka. Nikageuza tena: tka. Vijana wakajitolea kusukuma, nikawaambia ni otomatiki, hata mkilisukuma mpaka Kitonga haliwaki. Baada ya nusu saa gunia lilishushwa ili tufike kwenye betri ya akiba niliyoibeba kwa uoga, nayo haikusaidia. Mama mkwe akaketi juu ya lile gunia, khanga kichwani, hasemi neno. Bora angesema. Basi la Iringa lilipotokea akanyoosha mkono, akapanda, na dirishani akaniambia kwa upole kabisa: "Baba, hili gari limezeeka. Lipumzishe."

Mpaka leo hakuna shughuli ya ukweni ambapo sikumbushwi vitunguu.

Aliyeniokoa ni utingo wa lori lililopaki pembeni. Hakuuliza nimebadilisha nini. Alichukua waya wa kubusti, ncha moja akaibana kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye ile ndoano ya chuma ya kunyanyulia injini. "Piga." Likawaka papo hapo, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilinunue. Hazikufika dakika tano. Hela alikataa, akachukua vitunguu.

Nilipofika Iringa niliufungua waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na giaboksi. Kwa nje ulikuwa mweusi, mzima, unang'aa kwa oili. Nikauchana kwa kisu karibu na mdomo wake unaobanwa na bolti, ukamwagika unga wa kijani mapajani mwangu. Shaba ilikuwa imeliwa. Nyuzi zilizobaki nilizihesabu, zilikuwa saba. Stata inataka umeme mwingi, zaidi ya ampea 100, nao wote ulipaswa kurudi betrini kupitia nyuzi saba! Waya mpya ulinigharimu 12,000.

Hapo ndipo nilipoelewa nilivyoliwa bila mtu kunila. Kila fundi alipofungua stata au betri, alitikisa ule waya. Zile nyuzi zikagusana upya, gari likatulia siku kadhaa, na sifa zikaenda kwa kifaa kipya. Sisemi walikuwa wezi. Walikuwa wanakisia, na mkisiaji akibahatisha mara moja anajiona daktari.

Tangu siku hiyo nina mita yangu, na majirani hunigongea hata saa nne usiku. Najua najisifu, acheni nijisifu, nimelipia. Kipimo chenyewe ni hiki. Gari likiwa limelala, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 iko hoi, ichaji kabla hujamlaumu mtu. Injini ikiwa inaunguruma, ukipima palepale kwenye betri upate kati ya 13.8 na 14.5. Ukiipata, alternata inachaji, mwache mwenye duka auzie wengine. Gari likigoma kwa "tka", weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwambie mtu apige stata. Isizidi nusu volti. Langu, nilipolipima kabla ya kuufungua ule waya, lilisoma 3.1. Volti tatu zinapotelea njiani, na mimi nimeshanunua kila kitu isipokuwa njia.

Pima kwanza, ndugu zangu. Tunaoendesha magari ya miaka thelathini tuna ndoto moja: kwenda nyumbani Desemba na kurudi bila kuaibika. Gari la zamani halikuaibishi kwa uzee wake, linakuaibisha kwa sababu kila mwenye spana amepita humo akakata waya, akaunga kwa selotepu, akaondoka. Pima ndipo ununue. Mke wangu anasema nimekuwa mhubiri, na ni kweli.

Usikubali pia kuambiwa kwamba bila mashine ya kompyuta hakuna kinachoweza kujulikana. Mashine nyingi za siku hizi zinafuata mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia 1996, na kwenye AE100 hazichomeki. Fungua boneti utafute kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yaitwayo TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, weka ufunguo ON bila kuwasha injini, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo bila kituo, kompyuta haina malalamiko. Ikiwa nayo, taa inapepesa kwa idadi, na idadi hiyo ndiyo namba ya tatizo. Juni moja hapa Iringa, na baridi mnaijua, langu lilikuwa linakataa kuwaka alfajiri, mchana halina shida. Nikaambiwa pampu ya mafuta. Nikaunganisha waya: ikapepesa mara mbili, ikatulia, mara mbili. Ishirini na mbili, sensa ya joto la maji. Kompyuta ikikosa taarifa ya sensa hiyo inajifanya maji yana nyuzi joto 80, kwa hiyo inainyima injini ya baridi mafuta ya ziada inayoyahitaji ili iwake. Waya ulikuwa umekatika kwenye plagi ya sensa. Nikauunga, pampu nikaiacha ilipo.

Ila soma taa kabla mtu hajang'oa kichwa cha betri. Kwa mafundi wengi ndilo jambo la kwanza, na kumbukumbu yote inafutika. Ni sawa na kudeki kabla polisi hawajafika.

Sasa wewe wa Kahama. Gari linalokufa likiwa limepaki halihitaji kontroli boksi, linahitaji umtafute anayekunywa umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, fungua kichwa cha hasi, weka mita kwenye ampea 10, uipitishe katikati ya kichwa hicho na betri. Usijaribu kupiga stata hivyo, mimi niliunguza fyuzi ya mita yangu ya kwanza kwa ujinga huo. Subiri dakika chache. Gari la umri huo likisoma chini ya ampea 0.05 ni la kawaida.

Jana usiku amenitumia picha: 0.41. Nikamfanyia hesabu. Kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, mara 0.41, karibu ampea-saa 25, na betri yake ni ya ampea-saa 45. Zaidi ya nusu imenyweka bila ufunguo kugeuzwa. Nikamwambia achomoe fyuzi moja moja huku akiangalia mita, aanze na ya redio. Akajibu: "Kaka, redio nilifungiwa mwezi wa tatu. Gari lilianza kufa mwezi wa tatu."

Fyuzi hajaichomoa bado. Anasema anasubiri kukuche, kuna giza na mbu.