Injini isiyo na krenkishafti: inaahidi nini, na inakwamia wapi?

Swali: Ninasomea uhandisi wa mitambo. Nimeona video ya injini ya kuzunguka isiyo na krenkishafti (krenki, yaani shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) wala valvu, yenye vipande vitano tu vinavyosogea, na mbunifu wake anadai kuwa itatumia nusu ya mafuta ya injini ya kawaida. Anasema pistoni hupoteza nishati kila inaposimama na kugeuka, tena mara maelfu kwa dakika, na kwamba mwako unapoanza pistoni ikiwa juu kabisa, nguvu yake huishia kuikandamiza krenki badala ya kuizungusha. Je, hoja hizi ni sahihi? Kama ni sahihi, mbona viwanda havizitengenezi injini hizi?

Jibu: Hoja zote mbili zinavutia kuzisikiliza, na zote mbili si sahihi. Pistoni inapopunguza mwendo kuelekea kileleni, nishati yake ya mwendo haipotei; hupitia kwenye konrodi (fimbo inayoiunganisha pistoni na krenki) na kuingia katika krenki na flaiwili (gurudumu zito linalotunza mzunguko), au hutumika kuigandamiza hewa, kisha hurudishwa pistoni inapoanza kushuka. Bembea nayo husimama kila inapofika juu, na hakuna anayedai kuwa imepoteza nishati kwa sababu hiyo. Kinachopotea kweli ni msuguano wa ringi zinazoizunguka pistoni kuzuia gesi isivuje, wa ubavu wa pistoni na wa beringi. Kuhusu nguvu inayokandamiza krenki pistoni ikiwa juu, kumbuka kuwa kazi ni nguvu mara umbali: pale ambapo pistoni haijasogea hakuna kazi iliyofanyika, na kwa hiyo hakuna nishati iliyotumika bure. Shinikizo la gesi linabaki ndani ya silinda likisubiri pistoni ishuke, isipokuwa sehemu ya joto inayopenya kwenye kuta.

Sehemu hiyo ya joto ndiyo ingepaswa kumshughulisha mbunifu wako. Injini nzuri ya petroli ya leo, ikiendeshwa katika hali inayoifaa zaidi, hugeuza kati ya asilimia 35 na 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka na moshi kupitia eksozi au huchukuliwa na maji ya rejeta, na msuguano wa vipande vyote, injini ikiwa imebeba mzigo wa kutosha, haufiki hata moja ya kumi ya nishati ya mafuta. Kwa hiyo, hata kama mtu angeuondoa msuguano wote, jambo lisilowezekana, bado hangekaribia kupunguza matumizi ya mafuta kwa nusu. Anayetaka ufanisi hana budi kugusa mambo matatu: uwiano wa mgandamizo (hewa inabanwa mara ngapi kabla ya kuwaka), kiasi ambacho gesi inatanuka kabla ya kutolewa nje, na ukubwa wa kuta zinazoguswa na moto. Namna mwendo unavyofikishwa kwenye shafti ni suala la baadaye kabisa.

Na hapo ndipo pistoni ya duara, inayobezwa kwa uzee wake, inapozishinda nyingi ya injini hizi mpya. Ringi ya duara ndani ya silinda ya duara hujitanua yenyewe kadiri inavyolika, hubanwa zaidi na shinikizo lilelile la gesi inayozuiwa, na hupata oili kutoka upande wa chini bila oili nyingi kuingia kwenye moto. Ukibadilisha umbo la chumba, unaanza kuwa na pembe, na kila pembe ambapo sili mbili (vizibo vya kuzuia gesi isivuje) zinakutana ni mahali pa kuvuja.

Injini ya Wankel, ambayo badala ya pistoni ina rota ya pembe tatu inayozunguka, ndiyo ushahidi mkubwa tulio nao, kwa kuwa ndiyo injini ya kuzunguka ya mwako wa ndani iliyofika mbali zaidi katika magari. NSU ya Ujerumani iliiweka kwenye gari la Ro 80 mwaka 1967, na sili za ncha za rota zikachakaa mapema mno kiasi cha kuigharimu kampuni hiyo fedha nyingi. Mazda waliendelea nayo kwa miongo kadhaa, wakairekebisha sili kwa mchanganyiko wa kaboni na alumini, na mwaka 1991 gari lao la 787B likashinda mbio za Le Mans. Sili, basi, zilipata ufumbuzi wa kuridhisha. Umbo la chumba halikupata. Chumba cha mwako cha Wankel ni kirefu na chembamba, kina kuta nyingi kwa ujazo wake, moto hauwahi kufika pembeni kabla haujazimika, na oili inapaswa kuingizwa humohumo ili sili zisikauke. Matokeo yake ni mafuta mengi na moshi wenye hidrokaboni ambazo hazijaungua. RX-8, gari la Mazda lenye injini hiyo, ilikoma kutengenezwa mwaka 2012, na rota iliporudi mwaka 2023 kwenye gari lao la MX-30 R-EV, ilipewa kazi ya kuzalisha umeme tu, mahali ambapo udogo na utulivu wake vina thamani kuliko ubanaji wa mafuta. (Jambo moja la kuitetea: kwa kuwa hewa huingia upande ulio mbali na moto, inavumilia haidrojeni kama mafuta vizuri, bila gesi hiyo kuwaka kabla ya wakati.)

Sisemi kwamba kila usanifu usio wa kawaida umeshindwa. Injini za pistoni mbili zinazotazamana ndani ya silinda moja zimefanya kazi kubwa: Junkers Jumo 205 ya dizeli iliruka kwenye ndege katika miaka ya 1930, na injini za Fairbanks-Morse zilisukuma nyambizi za Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Faida yao inaeleweka kihandisi, kwa kuwa hakuna silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na hivyo joto linapoteza njia moja kuu ya kutorokea. Gharama yake ni krenki mbili za kuunganishwa, ringi zinazopita juu ya matundu ya hewa na kupoteza oili, na pistoni ya upande wa moshi inayochemka kuliko mwenzake. Zilidumu katika meli, treni na mitambo ya umeme, ambako uzito na bei hupimwa tofauti na kwenye gari dogo.

Mfano unaonipendeza zaidi, hata hivyo, ni wa James Atkinson. Katika miaka ya 1880 Mwingereza huyu alibuni injini ambayo gesi yake ilitanuka kwa mpigo mrefu kuliko ule wa kuvuta hewa, kwa kutumia viungo vingi vya chuma vilivyokuwa vigumu kutengeneza na kutunza. Wazo lilikuwa sahihi. Toyota walipotoa Prius mwaka 1997, walipata athari hiyohiyo kwa kuchelewesha kufunga valvu ya kuingizia hewa, ndani ya injini yenye krenki ya kawaida kabisa.

Ukikutana tena na video ya namna hiyo, usihesabu vipande vinavyosogea. Tafuta mchoro wa chumba cha mwako gesi inapowaka, uone kina kuta kiasi gani na sili zinakutana wapi. Uliza oili inafikaje kwenye sili hizo. Kisha uliza injini imetumia gramu ngapi za mafuta kwa kila kilowati-saa, ikipimwa kwenye dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya injini) na mtu asiye na hisa katika mradi. Injini ya kawaida ya petroli iliyo nzuri hupata kati ya gramu 210 na 250 katika hali yake bora. Mbunifu anayedai nusu ya kiasi hicho anadai ufanisi wa takriban asilimia 75, kiwango ambacho hata injini kubwa za dizeli za meli, zinazozunguka polepole na kufikia takriban asilimia 50, haziko karibu nacho.