Skimu inabanduka kila masika yakipita: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yetu ipo Tabata, ya tofali za simenti za inchi 6. Ukuta wa sebule unaotazama uani unabanduka skimu (ule unga laini wa kumalizia unaopakwa juu ya plasta) kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Ukigusa, vidole vinatoka na unga mweupe. Fundi ameshaurudia mara mbili, mwaka jana na mwaka huu, na mara zote mbili masika yameondoka na kazi yake. Sasa anashauri tubandike vigae hadi kiunoni tumalizane nao. Halafu dari ya jipsamu chumba cha watoto ina doa la njano, imebonyea, na kiungo kimoja kimefunguka. Hela niliyonayo ni ya kurekebisha mara moja tu. Maji ya mvua sidhani kama ndiyo tatizo, maana uani tuliweka pevingi mwaka juzi na tope limeisha kabisa.
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, dada. Vigae subiri kwanza. Na hiyo sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama ya kupitia tu, ndiyo iliyonifanya nikae kitako.

Kati ya msingi na ukuta, fundi aliyejenga vizuri hulaza nailoni nzito. Kazi yake ni kukata maji ya ardhini yasipande kwenye tofali, kwa sababu tofali la simenti lina vitundu visivyoonekana na maji hupanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ila nailoni inafanya kazi kama ardhi ya nje iko chini yake, angalau sentimita 15. Sasa kumbuka siku mlipoweka pevingi. Kikaja kifusi, kikashindiliwa, ikamwagwa vumbi ya kokoto, ndipo pevingi zikapangwa. Uwanja ukapanda. Sitashangaa nikikuta nailoni yenu imefukiwa, na maji yanaingia kwenye tofali za juu yake kwa ubavuni, kupitia plasta ya nje.

Usinikubalie kwa maneno, nenda kapime. Sakafu ya ndani kwa kawaida haiko mbali na usawa wa nailoni. Simama mlangoni uangalie: kama pevingi zimekaribia kulingana na sakafu ya sebule, umepata jibu. Kisha gandisha kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 kwenye ukuta kwa tepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Umande ukitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukitokea upande wa chumbani tu, huo ni unyevu wa hewa yetu ya Dar na chumba kisichopitisha hewa.

Bado kuna mshukiwa mwingine, bomba. Unyevu wa ardhini huchora mstari unaokwenda na ukuta kwa kimo kinacholingana. Bomba linalovuja hutoa doa la mahali pamoja, nene, lisilojali kiangazi wala masika. Funga koki zote usiku, tazama mita ya DAWASA, kama inazunguka kuna kinachovuja. Wengi wetu lakini tunatumia maji ya tangi, na bomba la kutoka tangini halipiti kwenye mita. Hapo funga maji yanayoingia tangini, weka alama ya usawa wa maji, mlale, asubuhi uangalie.

Fundi wako mkono wake hauna kosa. Kosa ni unga aliotumia. Skimu nyingi za ndani hapa mjini ni jipsamu, na jipsamu ikikaa kwenye unyevu hulainika na kuachia. Ule unga mweupe unaoshika vidoleni ni chumvi: maji yanaiyeyusha ardhini na kwenye tofali, yanapanda nayo, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha. Ikigandia nyuma ya skimu inavimba na kuisukuma nje. Mimi mwenyewe niliwahi kumpigia mteja wa Mikocheni skimu safi, laini kama kioo, nikalipwa na soda juu. Masika yalipoisha nikaitwa. Nilirudia bure, na nikabadilisha namna ya kufanya kazi.

Vigae navyo, au rangi ya mafuta hadi kiunoni kama tulivyozoea kwenye korido za shule, havikaushi ukuta. Vinaufunga. Maji yakikosa pa kutokea yatapanda zaidi, na mwakani skimu itabanduka hapo juu vigae vinapoishia. Dawa ya kuzuia maji ikichanganywa kwenye plasta huku chanzo kipo, mambo ni yale yale.

Kwa hiyo kazi inaanzia nje. Ng'oa pevingi ukanda wa sentimita 40 ukifuata ukuta wote, chimba hadi ushuke sentimita 15 chini ya nailoni, jaza kokoto tupu, na hakikisha pevingi zilizobaki zinamwaga maji kuelekea mbali na nyumba. Plasta ya nje iliyofukiwa ikatwe pia isiguse udongo. Kama bati halina gata upande huo, weka, maana maji ya paa yakigonga chini yanarukia ukuta.

Ndani, chukua sarafu uugonge ukuta kuanzia juu kushuka chini. Palipo pazima panalia kavu. Plasta iliyoachia inalia kama debe tupu. Bomoa kwa tindo hadi kwenye tofali, upitilize sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu, hata kama pale juu panaonekana pazima, kwa sababu chumvi imeshafika. Isugue kwa brashi ya waya ikiwa kavu. Usioshe! Ukiosha unairudisha ndani. Siku inayofuata itatoka tena, isugue tena, na tena. Vifusi vyake vitupwe, visichanganywe na mchanga mpya.

Kisha ukuta uachwe wazi. Hapa ndipo wateja huchoka. Ni wiki nyingi, siyo siku, na kile kipande cha nailoni ndicho kitakuambia. Ningekuwa wewe ningebomoa masika yakiisha na kupiga plasta Agosti.

Plasta iwe ya simenti na mchanga wa mto uliochekechwa, kipimo cha 1 kwa 4. Mchanga wa pwani usiukubali hata wa bure, una chumvi yake. Lowesha tofali, rusha kwanza rojo la simenti na mchanga liwe na mikwaruzo ya kushikia, liache hadi kesho, ndipo upige plasta ya milimita 15. Kwa eneo la mita 3 kwa 1 utahitaji mchanga kama ndoo mbili na nusu za lita 20 na theluthi ya mfuko wa simenti wa kilo 50, na cha kumwagika kidogo. Inyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Fundi anayekuahidi kumaliza kila kitu kwa siku mbili, muulize atainyunyizia saa ngapi. Siku 28 zikipita, skimu iwe ya simenti nyeupe, rangi iwe ya maji ili ukuta uweze kupumua.

Dari ni kazi ndogo. Zima umeme kwenye swichi kubwa, maana maji yanafuata nyaya hadi kwenye taa, kisha mtu apande juu ya dari mvua ikinyesha au ukimwagia maji bati, aone panapovuja. Mara nyingi ni raba ya msumari iliyoliwa na jua. Bodi iliyobonyea hainyooki. Ikate mraba hadi katikati ya mbao mbili, ili kipande kipya cha unene ule ule nacho kipate pa kulalia, ukaze skrubu kila sentimita 20. Kiungo kilichofunguka nina hakika hakikuwekwa tepu ya nyuzi, kilipakwa unga tu. Weka tepu, paka mikono mitatu, kila mkono mpana kuliko uliotangulia na kila mmoja ukauke kwanza, kisha msasa laini.

Doa likibaki kwenye bodi ya pembeni ambayo haijabonyea, rangi ya maji haitalificha, njano itapenya hata upake mikono mitano. Lipake kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta, pale kwenye doa tu, likauke, ndipo upake rangi yako ya dari. Mkebe mdogo unatosha.