Mwaka 1986: Mmelisahau Ziwa Nyos

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili na ameagizwa kuandika matukio makubwa ya dunia ya mwaka 1986. Tumekusanya chombo cha anga cha Marekani Challenger, mlipuko wa mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Museveni kuingia Kampala, Maradona kule Mexico, na kifo cha Samora Machel. Je, kuna tulilosahau?
Mama wa watoto watatu, Tabora

JIBU: Marahaba mama. Mmefanya kazi nzuri, ila kijana aweke na tarehe. Challenger ilisambaratika angani 28 Januari, sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwemo wakafa. Chernobyl ni 26 Aprili. Ndege ya Rais Samora ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, usiku wa 19 Oktoba, akirudi nyumbani kutoka mkutanoni Zambia. Amwongeze na Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, aliyepigwa risasi Stockholm 28 Februari. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walimlilia kama ndugu.

Mlilosahau ni Ziwa Nyos, na huwa naumia kila nikiona orodha ya mwaka ule bila jina hilo.

Ilikuwa Alhamisi, 21 Agosti, yapata saa tatu usiku, kaskazini-magharibi mwa Kameruni. Nyos ni ziwa dogo lililojaa kwenye shimo la volkeno, kina chake zaidi ya mita 200. Kwa miaka mingi gesi ya kabonidayoksaidi ilikuwa ikipanda kutoka ardhini na kuyeyuka kwenye maji ya chini, huku maji ya juu yakiikandamiza. Fikirieni chupa ya soda iliyofungwa: kwa nje imetulia kabisa. Usiku ule kizibo kilifunguka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haikupaa. Iliteremka mabondeni kama maji ya mafuriko, ikaingia Nyos, Kam, Cha na Subum. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wakiwa wamelala, na ng'ombe kwa maelfu. Asubuhi nyumba zilikuwa zimesimama vilevile.

Wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia Kigoma. Niliposikia habari hiyo redioni nilidhani nimesikia vibaya. Shule zilipofunguliwa nikawaeleza wanafunzi, na kijana mmoja aliyekuja kwa ndugu zake akitokea Goma, Kongo, kando ya Ziwa Kivu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwetu hiyo tunaiita mazuku." Akatusimulia kwamba kuna mabonde ambayo mbuzi akishuka alfajiri harudi, na mama akipita hapo humbeba mtoto mgongoni, hamwachi atembee, kwa kuwa gesi hulala chini. Nilikuwa nimesomea somo hilo chuoni na neno lile sijawahi kulisikia. Nililiandika ubaoni siku hiyohiyo.

Nyos iliwekewa bomba mwaka 2001, likawa linayavuta maji ya chini na kuitoa gesi kidogokidogo. Ziwa Kivu nalo lina gesi hiyo, tena pamoja na methani, na kandokando yake wanaishi watu kwa mamilioni. Tangu 2016 upande wa Rwanda kuna mtambo unaovuna methani hiyo na kuzalisha umeme.

Kijana achore mchoro: ziwa juu, bonde chini, vijiji bondeni. Na majina yote manne ya vijiji ayaandike.