Msiishie Machu Picchu: fikeni Potosí, kisha mteremke Yungas

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza msafiri anayepita milima ya Andes asikose kufika wapi. Wengi watataja Machu Picchu, nami siwapingi, mji ule wa mawe unastahili sifa zake zote. Ila mimi ningemshauri msomaji avuke mpaka wa Peru aingie Bolivia, afike Potosí, halafu ateremke hadi Yungas, mabonde yenye joto chini ya milima, kwenye vijiji vya watu wenye asili ya Afrika. Ni kisa kimoja chenye sehemu mbili, na kinatuhusu.

Potosí uko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye rangi ya kutu uitwao Cerro Rico. Madini ya fedha yalipogunduliwa humo mwaka 1545, Wahispania waliwalazimisha wenyeji wa milimani kuja kuchimba kwa zamu, na wengi hawakurudi makwao. Waafrika waliouzwa utumwani waliletwa pia, na baadhi yao walitumikishwa katika kiwanda cha kugonga sarafu. Jengo kubwa la kiwanda hicho, Casa de la Moneda, lililokamilika mwaka 1773, leo ni makumbusho. Tengeni nusu siku nzima kwa ajili yake. Mtaona magurudumu makubwa ya mbao yaliyobana vipande vya fedha hadi vikawa bapa, na ghorofa ya chini mtaona mahali nyumbu walipozungushwa kuyaendesha.

Sarafu za Kihispania zilifika hadi kwetu. Wafanyabiashara wa Zanzibar waliijua reale ya mzinga, iliyoitwa hivyo kwa zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake, zinazofanana na mizinga. Nyingi ziligongwa Mexico, nyingine hapo Potosí. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumfanya mtu wa Pwani asimame mbele ya kabati la sarafu katika makumbusho hayo na kutazama kwa makini.

Mtaalikwa kuingia machimboni. Siwashauri. Mlima bado unachimbwa, vumbi lake linaharibu mapafu ya wachimbaji, na sioni haki ya mtalii kwenda kupiga picha pale mwenzake anapohatarisha uhai kutafuta riziki. UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, kwa kuwa kilele chenyewe kinabomoka kutokana na uchimbaji.

Mkitoka hapo, jangwa la chumvi la Uyuni haliko mbali. Ni zuri kama picha zinavyoonyesha, na kwa kuwa picha hizo mmeshaziona, sitasema zaidi.

Njia ya Yungas inaanzia La Paz. Pandeni kwanza magari ya kamba hadi El Alto, mji wa watu zaidi ya laki nane walioko juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro. Kisha barabara inapanda hadi mita 4,600 na ushei kwenye baridi kali, halafu inaanza kushuka. Ndani ya saa chache unavua koti, unavua sweta, na mbele yako kuna migomba, michungwa, mibuni na mashamba ya koka. Umefika Coroico. Ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha Tocaña, na humo wanaishi wajukuu wa wale Waafrika.

Utumwa ulifutwa Bolivia mwaka 1851, lakini wazee wao waliendelea kufanya kazi bila ujira katika mashamba ya matajiri hadi mageuzi ya ardhi ya mwaka 1953. Kwa muda mrefu serikali haikuwahesabu kabisa. Vijana wao ndio waliobadilisha hali. Katika miaka ya 1980 waliifufua ngoma yao ya saya, wakaipiga hadharani mijini ili nchi iwaone, na katiba ya mwaka 2009 ikawataja kwa jina. Wana hata mfalme: Julio Pinedo, mkulima wa kijiji cha Mururata, alitawazwa mwaka 1992.

Saya isikilizeni mkiwa karibu. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kiongozi amefunga njuga miguuni. Anayejua ngoma za kwetu hahitaji kuelezwa. Mababu wa watu hawa walitoka zaidi upande wa Kongo, Angola na Afrika Magharibi, kwa hiyo msitarajie kusikia Kiswahili. Wanazungumza Kihispania, na wanawake wao huvaa sketi pana kama majirani zao Waaymara.

Nendeni kati ya Mei na Oktoba, kwa sababu mvua za mwanzo wa mwaka huporomosha udongo barabarani. Mchanjwe homa ya manjano, maana Yungas iko chini na ina joto. Potosí msiende moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa El Alto. Laleni kwanza mji wa Sucre, ambao uko chini zaidi, kichwa kizoee hewa nyembamba ya milimani. Magari madogo ya Coroico hupatikana mtaa wa Villa Fátima, La Paz. Mkifika Tocaña, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mnunue kahawa na asali kwa wenyeji wenyewe.