Baka la ukoma likivimba ghafla kwa mtoto

Binti yangu ana miaka 10, yuko mwezi wa tatu wa dawa za ukoma. Baka la shavuni limevimba ghafla, jekundu, la moto. Duka la dawa wamesema ni aleji ya vidonge, nimeviacha. Nimekosea? (Mama, Lindi)

Pole sana, mama. Mpeleke kituoni leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Aleji ya dawa kwa kawaida hutoa vipele mwili mzima, tena huwasha. Kwa binti yako limevimba baka lilelile la siku zote, na hiyo mara nyingi ni riaksheni ya ukoma: kinga ya mwili imeamka, inapambana na vijidudu, hata vilivyokwisha kufa, na wanaoumia ni ngozi na mishipa ya fahamu. Riaksheni haiachishi dawa za ukoma. Mshipa ukiguswa huongezwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa uzito wa mtoto, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Usijinunulie, wala usiikatishe ghafla.

Kinachonitia hofu ni hilo shavu. Mwambie afumbe macho taratibu, kama anayesinzia. Ukiona weupe wa jicho umebaki wazi, mshipa wa uso umeguswa. Kisha atanue kidole kidogo cha mwisho cha mkono, ukisukume kurudi ndani: kikilegea kuliko cha mkono wa pili, mwambie daktari. Mshipa ukiwahiwa, nguvu hurudi mara nyingi. Ikipita miezi 6, matumaini hupungua sana.

Mwanangu wa miaka 14 alimaliza dawa mwaka jana. Sasa ana homa, vinundu vyekundu vyenye maumivu, na viungo vinamuuma. Malaria hakuna, wakasema ni baridi yabisi. (Baba, Morogoro)

Je, uliwaambia aliwahi kutibiwa ukoma? Wazazi wengi hunyamaza kwa aibu, na daktari asiyejua historia hutibu anachokiona. Hii yaweza kuwa riaksheni ya ukoma ya aina ya pili, ile ya homa na vinundu. Kwa watoto wadogo ni nadra, lakini vijana huipata, hata baada ya kumaliza dozi, na haina maana kwamba ukoma umerudi. Omba aonwe na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.

Mtoto ninayemlea naye ana riaksheni. Aende shule akiwa amevimba hivyo? (Mlezi, Tanga)

Riaksheni haiambukizi, na mtoto anayemeza dawa zake haambukizi. Homa ikishuka, arudi darasani. Ninyi wa nyumbani mkaguliwe ngozi wote.