Jibu: Mpe fundi wako neno "gari" kabla hujamlipa

Mwalimu, usilipe hiyo awamu ya kwanza. Umesema fundi wa programu atakutengenezea hadithi za kwenye kishikwambi ambamo kila mtoto wa chekechea ataweka jina lake, mnyama ampendaye na kitu anachochezea, nawe umeshawishika kwa sababu ulipojaribu jina na mnyama mambo yalikwenda sawa. Mimi nilishawishika vivyo hivyo, na ilinigharimu shilingi 1,800,000.

Jina na mnyama havisumbui, kwa kuwa Asha, Juma, paka na tembo wote wanafuata upatanisho wa a-/wa- (Asha analala, paka analala), wala Kiswahili hakitenganishi mvulana na msichana. Balaa ni kitu. Hadithi yangu ilisema: "Asha alichukua mpira wake mwekundu, akauficha uvunguni, asubuhi haukuwepo." Mtoto akachagua gari, programu ikabadilisha neno moja tu, tukasoma "gari wake mwekundu, akauficha", ilhali ilipaswa kuwa "gari lake jekundu, akalificha uvunguni, asubuhi halikuwepo". Maneno manne yalibaki yanaufuata mpira ambao haukuwemo tena. Mtoto wa miaka sita aliniuliza kama hadithi hiyo ilitungwa na Mzungu. Mhakiki nilikuwa mimi, mwenye Kiswahili cha kidato cha sita, chekeni tu.

Hadithi zenyewe nilizipata bure StoryWeaver, maktaba ya mtandaoni ya Pratham Books ya India iliyoanza mwaka 2015, ambayo leseni yake inaruhusu kubadilisha maandishi. Pesa iliteketea kwa fundi na kwa msomaji wa sauti ya hadithi, ambaye alikuwa ameshazirekodi sentensi zote, hivyo kila sahihisho lilimrudisha studio, na kila kurudi kulikuwa na bei yake. Fundi aliyeniapia kwamba mfumo wake unajua lugha zote aliniambia eti watoto hawatagundua. Watoto!

Kanuni yangu ni moja: usibadilishe neno, badilisha sentensi nzima. Hadithi yenye sentensi 9 zinazotaja kitu, ukiwapa watoto vitu 10 vya kuchagua, inadai sentensi 90 zilizoandikwa na mtu na kusomwa kwa sauti kabla kipaza sauti hakijawashwa. Ukiona ni nyingi, waachie jina na mnyama tu. Leo hii mpe fundi wako maneno "gari", "kiti" na "ndizi", kisha ukae naye ubavuni akusomee matokeo mwenyewe.