Sharti Likiishia Njiani, Usilimalizie Wewe

Vijana ninaowasaidia hapa Mtwara kujiandaa na mitihani ya kuombea vyuo vya nje, wengi wao hesabu si tatizo. Kinachowaangusha ni masharti.

Nyumbani mama akisema, "Ukimaliza vyombo, utaenda mpirani," kila mtu anajua kwamba usipoviosha huendi. Hakulitamka hilo, ila ndivyo alivyokusudia, na mtoto atakayebisha atamtambua. Mtihani hauna makusudio ya kufichwa. Kilichoandikwa ndicho hicho.

Chukua malori matatu ya korosho, la Newala, la Masasi na la Tandahimba. Yanashusha ghalani, lori moja kwa siku, Jumatatu hadi Jumatano. Sharti: likishusha la Newala Jumatatu, la Masasi litashusha Jumanne. Unaambiwa la Masasi limeshusha Jumanne. La Newala je? "Jumatatu, mwalimu!" hata kalamu hawajashika. Lakini Jumatatu ingeweza kushusha la Tandahimba, la Newala likaja Jumatano, na sharti lingebaki zima. Uhakika uko upande wa pili: kama la Masasi halikushusha Jumanne, basi Jumatatu haikuwa ya Newala.

Dawa yangu ni swali moja: ni hali gani ingemfanya aliyeweka sharti aonekane mwongo? Hapo ni moja tu, la Newala limeshusha Jumatatu na la Masasi halikushusha Jumanne. Nyingine zote mwachie.

Mwanasaikolojia Peter Wason alibuni jaribio la kadi la namna hii mwaka 1966, nami hulifanya kwa vipande vya boksi la sabuni. Juu yanasomeka A, K, 4 na 7. Kila kipande kina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: penye irabu, nyuma yake pana namba shufwa. Ugeuze vipande vipi ili kuihakiki? Wengi hukimbilia A na 4. Geuza A na 7. Nyuma ya 4 hata pakiwa na K, kanuni haijavunjwa. Nyuma ya 7 pakiwa na A, imekwisha.

"Isipokuwa" nayo ipimwe vivyo hivyo. "La Tandahimba halishushi Jumanne isipokuwa la Masasi limeshusha Jumatatu" hailazimishi la Tandahimba kushusha Jumanne. La Masasi linaweza kushusha Jumatatu na Jumanne ikawa ya Newala.

LSAT, mtihani wa kuombea vyuo vya sheria Marekani, waliondoa sehemu ya mafumbo ya kupanga kama haya ya malori Agosti 2024, jambo lililowafurahisha wengi kabla ya wakati, maana masharti yamebaki tele kwenye maswali ya hoja.

Na sentensi ikibeba maana mbili kwelikweli, shika ile inayodai kidogo. "Au" ihesabu kuwa inaruhusu vyote viwili, hadi waseme "si vyote". Kisha angalia machaguo: ukikuta mawili yanafaa, rudi kwenye masharti kabla hujabahatisha, utafute neno uliloliongeza mwenyewe.